Faili Lililohifadhiwa Tukiwa Makaburini

Ndugu yangu Lali,

Kwa heshima na taadhima, kwa niaba yangu mwenyewe na ya wateja wote wa saiba yetu ya kompyuta hapa Langoni, pamoja na wale waliosahau kuja kuchukua fotokopi zao, nasikitika kukuarifu kwamba kitufe cha kuanzia kimehama. Kilizaliwa kwenye kona ya kushoto, chini, kikakulia hapo, kikatumika hapo miaka yote tuliyokuwa pamoja. Sasa, kwenye kompyuta mpya, kimejipeleka katikati bila kumuaga mtu. Mkono wangu bado huenda konani kila asubuhi, kama mtu aliyehamishiwa kitanda na bado anaamkia ukutani.

Nimeambiwa kuna mahali pa kukirudisha kushoto. Sikirudishi. Nataka nione kinatafuta nini huko katikati.

Hiyo ndiyo habari kubwa. Zilizobaki ni ndogondogo, isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo iliyonikalisha chini nikuandikie. Lakini wanijua. Mimi sikuwahi kuingia katika jambo kwa mlango wa mbele. Nitaanzia uani.

Naandika kwa ile programu yako nyeupe tupu, isiyojua wino mzito wala rangi, faili la txt. Ulikuwa ukisema maandishi unayotaka wajukuu wayasome yaweke humo, kwa kuwa haitakuja mashine ikasema haiyafahamu. Nilidhani ni ubahili. Mwezi uliopita akaja bwana mmoja wa Siyu na historia ya msikiti wao, kurasa sitini, alizoandika zamani kwa programu ambayo siku hizi ukiitaja jina vijana hukutazama kama umetaja jini. Faili likafunguka vijisanduku vitupu, ukurasa baada ya ukurasa. Alikaa akavitazama vile vijisanduku muda mrefu, kama anayengoja vifunuliwe. Nilimtilia chai.

Wale walimu wa Faza nao hawajabadilika. Wanakuja na mtihani kwenye docx, umepangwa vizuri kwao, ukifika kwetu swali la tano limeangukia ukurasa wa pili na picha ya moyo wa binadamu imekaa juu ya swali la hesabu. Nawaambia maneno yako yale yale: kabla hujapanda mashua, geuza PDF. Word ni ya kuandikia, PDF ni ya kusafiria. Wanaitikia kwa kichwa na wiki ijayo wanakuja tena na docx. Naanza kushuku wanafanya makusudi wapate kukaa barazani kwetu wapigwe na upepo.

Kompyuta mpya ina adabu zake. Nikihifadhi kitu haiulizi kama nataka diski hii au ile. Inakipeleka winguni kwanza, halafu inanijulisha. Nimeizima tabia hiyo mara tatu. Mara tatu, baada ya apdeti, imerudi kama paka wa mtaa wa Mkomani. Sisemi wingu ni baya. Kwa watu wa huku, ambao simu zao huanguka baharini kama kokwa za tende, wingu ni rehema. Nasema tu kwamba anayenibebea mzigo bila kuombwa nitamtazama mara mbili. Na siku mtandao ukikatika, nawe wajua hapa hukatika kweli, faili lililo juu huko ni kama mwezi: wajua lipo, na mkono haufiki.

Na ule mpangilio wako wa kuonyesha mkia wa jina la faili nimeuwasha kwenye kila mashine inayopita mikononi mwangu, hata za wateja, hata wasioniomba. Juzi bwana mmoja wa Matondoni alitumiwa faili linaitwa Matokeo.pdf. Nilipouwasha mkia, likaonekana lina mkia wa pili, exe, wa programu inayojificha. Nikamwambia, bwana wangu, mnyama mwenye mikia miwili hafungwi zizini, huachwa alipo. Akaniona mganga.

Ulikuwa ukinicheka. Ulisema mimi nashuku hata kikokotoo, napiga hesabu kwa mashine halafu nairudia kwa vidole. Ni kweli. Na laiti ningebaki kushuku mafaili tu, nisingekuwa na barua ya kuandika.

Sikiliza basi.

Siku ya hitma yako ya arobaini, watu walipokwisha kutawanyika, Bi. Amina wako aliniita ukumbini. Alikuwa nyuma ya pazia, eda yake haijesha. Akaniambia: "Shee, mui wote waniuliza, kila mlango wa mji, saiba itafungwa au haitafungwa. Nenda kaangalie kwenye mashine ya Lali kama aliacha neno. Nilisikie kabla sijaamua."

Nikaenda. Kwenye mashine yako, ile nyeusi iliyopasuka kona, nikakuta faili moja limekaa peke yake, jina lake Ya-kufuata. Sikulisoma pale, macho yalikuwa hayafai. Nikalinakili kwenye flashi nikaenda nalo nyumbani, nikalifungua kwenye laptopu yangu.

Ukurasa mmoja tu. Umeandika saiba isifungwe. Umeandika mashine zote azisimamie Mwende. Kisha umeandika: "Neno la siri la msimamizi asipewe Shee. Ni ndugu yangu, lakini hawezi kuona kitufe asikibonyeze."

Hapo nikaacha kusoma.

Lali, mimi ni mtu wa miaka hamsini na minne. Tulikwenda chuoni pamoja, tukapigwa bakora na maalim mmoja. Hiyo saiba tuliifungua wawili, mimi ndiye niliyebeba printa ya kwanza kichwani kutoka gatini kwa sababu mwenye punda alikataa kuibeba. Na Mwende ni nani? Mtu wa Kitui, alikuja Lamu na mumewe askari, mume akahamishwa, yeye akabakia na sisi. Miaka kumi na moja. Nakiri, katika miaka hiyo yeye ndiye aliyejua kwa nini printa inakwama, nami ndiye niliyejua inakwama. Lakini kuandikwa hivyo, kwa maandishi, na wewe huwezi kuulizwa tena!

Nikafanya kile ulichonifundisha mwenyewe. Nikalibonyeza faili kwa kitufe cha kulia, nikafungua sifa zake, nikatazama limehifadhiwa mara ya mwisho lini.

Jumatatu. Siku yenyewe uliyofariki. Saa 17:45.

Saa kumi na mbili kasorobo jioni. Lali, wewe ulikata roho saa nane mchana. Saa kumi na mbili kasorobo jioni mimi nilikuwa ndani ya kaburi lako, nimesimama kwenye udongo, mikono juu, nakupokea. Najua saa kwa sababu waliokuwa juu walikuwa wakihimizana, magharibi isije ikatukuta. Na dakika hiyo hiyo faili lako likahifadhiwa.

Marehemu haandiki. Wanaume wa mtaa wote walikuwa makaburini. Ufunguo wa saiba tulikuwa nao watatu, wewe, mimi na Mwende.

Nikatazama sifa nyingine, mahali pa jina la mwandishi. Limeandikwa: Mwende.

Basi nikamaliza kesi. Nilikuwa mpelelezi, mwendesha mashtaka na hakimu, na kofia zote tatu zilinikaa. Hata katika mistari ya chini, niliyoipitia kwa jicho bila kuisoma, nikagundua neno "tafadhali" mle ndani, nikajiambia, Lali tangu lini akasema tafadhali? Nikagundua herufi si zile zako za kawaida. Ukitaka kushuku, Lali, ushahidi hauishi. Hujiokota wenyewe njiani.

Kesho yake nilifika saibani mapema. Mwende alipokuja palikuwa na watu watatu wakingoja fotokopi. Ningeweza kungoja waondoke. Sikungoja. Nikamuuliza mbele yao: "Ile Jumatatu tukimzika Lali, wewe ulikuwa humu ndani unaandika nini?"

Alinitazama kwanza kama hakusikia vizuri. Halafu akasema polepole: "Jumatatu hiyo nilikuwa kwa Bi. Amina, Mzee Shee. Jikoni. Nilikuwa naosha masinia na wenzangu. Uliza."

Sikuuliza. Nilijiambia mle ndani walikuwa wanawake mia, nani atakumbuka nani alikuwa jikoni. Nikamwambia anipe ufunguo.

Akautoa kwenye mkoba wake akauweka juu ya skana, hakunipa mkononi. Akasema: "Mimi mtu wa bara, najua. Miaka kumi na moja, na bado ni mtu wa bara." Kisha akawaaga wale wateja mmoja mmoja, mimi hakuniaga.

Nikaenda kwa Bi. Amina nikamwambia kuna karatasi imepatikana lakini si yako, imeandikwa na mtu mwingine. Sikumtaja mtu, wala sikumwambia saa. Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Ni mimi niliyekuingiza kaburini.

Sasa nikawa bwana wa saiba. Siku tisa. Nitakupunguzia: siku ya kwanza nilichapa barua ya mtu kwenye karatasi iliyokwisha kuchapwa upande mmoja, na upande huo ulikuwa talaka ya mtu mwingine. Siku ya tatu printa iliniuliza swali, nikajibu ndiyo, ikaanza kuchapa ukurasa wa majaribio na haikukoma mpaka nilipochomoa waya. Siku ya tano nilifungiwa nje ya mashine yako kwa kukosea neno la siri, nikashuku Mwende amelibadilisha kutoka mbali, kumbe herufi kubwa zilikuwa zimewashwa.

Siku ya tisa alikuja bwana mmoja kuskani cheti cha kuzaliwa cha bintiye. Nikakiskani kwenye mashine yako, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa bado inanitii. Wakati ule ule muadhini alikuwa amekwisha kuadhini adhuhuri. Nikalichukua faili kwenye flashi ili nilitume kutoka nyumbani, kwa sababu mtandao wa saiba ulikuwa umeniasi. Jioni nilipolifungua kwenye laptopu nikaona limeskaniwa saa 18:40.

Saa 18:40 mimi nilikuwa msikitini, safu ya pili, nasali magharibi. Saiba nilikuwa nimeifunga kwa kufuli mbili.

Nitakwambia ukweli, wazo la kwanza lililonijia ni kwamba Mwende ana ufunguo wa nne. La pili, kwamba anaiendesha mashine yako akiwa kwake, kwa simu. La tatu, tena lilichelewa mpaka nilipokuwa nakula, ni kwamba cheti kile nilikiskani mwenyewe, kwa mkono wangu, mchana, na yule bwana alikuwa amesimama ananitazama.

Asubuhi yake nikaenda nikasimama mbele ya mashine yako. Saa ya konani ilikuwa inasema 2:10. Ilikuwa kweli saa mbili na dakika kumi asubuhi. Nikaangalia tena. Saa mbili na dakika kumi asubuhi, kwa saa zetu. Kwa saa za simu, za serikali na za ndege, ni nane na dakika kumi.

Miaka yote ile, Lali, nimekaa mbele ya mashine hiyo nikisoma saa mbili ikiwa saa mbili, saa sita ikiwa saa sita, kama ninavyoisoma ya ukutani kwa mama yangu, na haikunijia hata siku moja kujiuliza kompyuta imejifunza wapi saa za Kiswahili. Nikafungua mipangilio ya tarehe na saa. Palipotakiwa kuandikwa Nairobi, paliandikwa Tokyo.

Ndipo nikakumbuka. Wakati tulipoinunua ulikuwa umeifungua mipangilio ile unacheka peke yako, ukaniita nisogee: "Shee, ndoo uone. Hawa watu wa Tokyo ndio majirani zetu wa kweli." Ukanionyesha: wako mbele yetu kwa saa sita kamili, hivyo kwetu ikiwa adhuhuri, saa sita, mashine yao husoma 6:00 ya jioni, na sita ni sita. Na usiku wa manane wao, tarehe inapogeuka, hapa kwetu jua linazama. "Yaani siku inaanza magharibi, kama ilivyo," ukasema. Ulifurahi kama mtu aliyeokota lulu. Ukaondoa hata zile herufi za asubuhi na jioni, ibaki saa tupu. Mimi nilisema "maashallah" na nikarudi kwenye kahawa yangu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijifunza kompyuta.

Na flashi, mambo yanavyokwenda, haibebi habari ya saa ni ya nchi gani. Hubeba namba tu. Ikiwa mashine inasema 17:45, flashi huandika hivyo hivyo, na laptopu yangu, yenye saa za Nairobi, huamini.

Toa saa sita. 17:45 ni saa sita kasorobo mchana. Jumatatu ile, saa sita kasorobo mchana, wewe ulikuwa hai. Uliandika ukurasa ule mwenyewe, ukauhifadhi, ukaenda nyumbani kula, na saa nane ukafariki.

Na jina la mwandishi? Hapo nikatazama mafaili yote ya mashine yako. Yote mwandishi ni Mwende, hata hotuba uliyoiandika ya harusi ya binti yangu. Programu huandika jina la aliyeiweka kwenye mashine, si la aliyeandika barua. Yeye ndiye aliyeiweka. Ukichukua nasaha moja kutoka katika barua hii, ingawa hapo ulipo huihitaji, ni hii: sifa za faili hukwambia mashine ilifikiri nini. Hazikwambii mtu alifanya nini.

Nikaenda kwake Wiyoni. Mlango ulikuwa wazi, masanduku mawili yamefungwa kwa kamba, la tatu bado. Alikuwa amekwisha kukata tikiti ya basi ya Jumamosi. Nikaanza kumweleza habari za Tokyo, na za flashi, na za saa sita. Nilieleza vizuri sana, sijawahi kueleza kitu vizuri hivyo. Akaningoja mpaka nikamaliza.

Akasema, akikuita mwalimu kama siku zote: "Saa ile naijua, Mzee Shee. Kila nikiitengeneza mashine ya mwalimu naiacha hivyo hivyo, kwa sababu yeye alitaka. Ungeniuliza, ningekwambia kabla chai haijapoa."

Nikamwambia nisamehe. Akasema: "Uliyasema mbele ya watu. Kayaseme tena mbele ya watu." Na akaendelea kufunga sanduku la tatu.

Nilikwenda, Lali. Nikawatafuta wale watu watatu wa fotokopi, mmoja nikamfuata mpaka Matondoni, nikawaleta barazani kwetu Ijumaa baada ya sala, na wasiohusika nao wakaja, kama ujuavyo mui wetu. Nikasema nilimsingizia Mwende, na kwamba yule mtu mwaminifu wa saiba si mimi. Mzee mmoja akasema, "Hilo la pili tulilijua." Wakacheka. Mwende alikuwa amesimama mlangoni kwa fundi saa wa jirani, hakucheka, lakini Jumamosi hakupanda basi. Nikamrudishia ufunguo mkononi. Na Bi. Amina nilimpelekea ukurasa wako umechapwa, nikamwambia nilikosea, ni wako.

Aliusoma kwa sauti, nyuma ya pazia, wote. Ndipo nikasikia kilichokuwa baada ya pale nilipoachia. "Shee akae mlangoni kama siku zote. Watu huja kwa ajili yake, hawaji kwa ajili ya printa. Mwende tafadhali umvumilie."

Hiyo ndiyo tafadhali niliyoishuku.

Ningependa barua iishe hapo, nami nitoke na sura yangu. Hivyo ndivyo ninavyoisimulia barazani, naimalizia hapo na watu husema Shee huyu ana moyo. Lakini kuna yaliyofuata.

Eda ya Bi. Amina ilipokwisha, alikuja saibani mara ya kwanza. Mashine yako nyeusi ilikuwa imekwisha kuchoka, Mwende alikuwa amehamisha mafaili yote kwenye hii mpya yenye kitufe katikati. Bi. Amina akakaa kwenye kiti chako. Akasema: "Ile mliyonipa ni karatasi, Shee aliichapa. Nataka kuliona lile lenyewe. Lile aliloligusa yeye." Sikujua mtu anaweza kutaka hivyo. Lakini nilipomtazama nikaelewa.

Mwende akalitafuta. Kwenye mpya halimo. Akaiwasha nyeusi. Halimo. Akatafuta kwa jina, kwa tarehe, kwa neno tafadhali, kwa jina langu. Kwenye pipa la taka halimo. Nikaona uso wake unabadilika, na nikajua anafikiri nini. Akamgeukia Bi. Amina: "Mama nisamehe. Nadhani nilipokuwa nahamisha mafaili nimelipoteza."

Nami nilikuwa nimesimama hapo. Nikasema: "Labda ni apdeti. Hizi apdeti hazina imani."

Tangu siku hiyo, Lali, kila alasiri wateja wakipungua, Mwende anafungua nyeusi na mpya, ubavu kwa ubavu, anapitia mafaili ya miaka kumi na moja, moja baada ya jingine. Vyeti vya kuzaliwa, ripoti za madrasa, hotuba, barua za watu waliokwisha kufa. Anaandika kwenye daftari lipi lipo na lipi halipo. Aliniambia: "Kama lile la mwalimu limenipotea, nitajuaje mangapi mengine?" Hajapata hata moja lililopungua, na hilo ndilo linalomtisha zaidi. Wiki ya tatu sasa. Macho yamemwiva. Ameanza kumuuliza mteja mara mbili, kisha mara tatu, kama anataka kweli kufuta nakala ya zamani. Na juzi alisema labda Bi. Amina atafute mtu mwingine wa kuzisimamia mashine, aliye makini zaidi.

Mimi humletea chai na kumwambia pole.

Sasa ni saa nane na robo, yeye yuko nyuma anakula. Akirudi nitamwambia. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na baada yake nitakwenda kwa Bi. Amina na flashi yangu, nimwambie kilichobaki ni nakala, na kwa nini ni nakala. Sitampa Mwende barua hii asome, kwa kuwa mimi nikijificha nyuma ya maandishi huwa msemaji mzuri kupita kiasi. Nitasema kwa mdomo. Lakini nakusomea wewe kwanza, ulimi uzoee. Kisha nitakuaga, maana sidhani kama nitaweza kuendelea baada yake. Lala salama, ndugu yangu, Mola akupanulie kaburi lako.

Nitasema hivi.

Mwende, faili la Lali hukulipoteza wewe, wala si apdeti. Nililifuta mimi. Asubuhi ile nilipokunyang'anya ufunguo, nilifika saibani kabla yako. Nilikuwa nimekasirika tangu usiku, na hasira ilitangulia, ile saa ya makaburini niliitafuta baadaye ili niipe hasira mahali pa kukaa. Niliogopa utalichapa uwaonyeshe watu kwamba Lali alikuamini kuliko mimi. Nikalibonyeza mara moja kwenye mashine yake, nikashika Shift, nikabonyeza Delete, ili lisipite hata kwenye pipa la taka. Mashine iliniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo.